Picha ya Bwawa Nyuma ya Mimbari

Jumatatu, 5 Mei

Mkono wangu wa kulia una matatizo. Unanyanyuka wenyewe.

Jana ulinyanyuka kanisani. Tumepata ukumbi mpya hapa Clairwood, huku ugenini kusini, zamani ghala la matairi. Ukumbi mzuri, una hewa. Ila nyuma ya mimbari kuna ukuta wenye alama nyeusi za matairi, mviringo juu ya mviringo. Mchungaji Sébastien akihubiri habari za mbinguni, nyuma yake unaona gereji. Basi Mama Ghislaine, mwenyekiti wa kamati ya mapambo, akatangaza kwamba inatakiwa picha ya ziwa. Kubwa. Ichapishwe kwenye kitambaa, ifunike ukuta wote. Maji yaliyotulia, ya kumpumzisha mtu roho. Nani anajua kupiga?

Mkono huo! Mdomo nao ukafuata. Nikasema napiga picha za maziwa tangu mwaka tisini na moja. Nikasema kule kwetu Matema, Ziwa Nyasa, nilimfundisha Mjerumani kupiga picha mpaka akalia machozi. (Mjerumani alikuwepo kweli. Alilia kweli. Alikanyaga siafu.)

Honoré naye akanyanyua. Honoré wa duka la simu, mtu wa Uvira, skafu shingoni hata Februari. Akasema, bila kunitazama, kwamba kwao iko Tanganyika, ziwa yenye iko na kina, si beseni ya kunawia miguu kama za wengine. Watu wakacheka. Mpaka Mchungaji. Beseni! Nyasa!

Sasa jambo lenyewe. Baada ya ibada Benedicta akaniita kando. Huyu ndiye niliyemwomba nimwoe siku ya Pasaka. Mjane, mtu wa Mbamba Bay, anampikia bibi mmoja mzee kule Morningside, na sauti yake ya alto ndiyo inashikilia kwaya nzima isianguke. Alikuwa hajanijibu. Jana akanijibu nusu. Akasema, kaka Ambokile, mimi sitaki mahari ya kutisha watu. Mwaka mzima nakusikiliza. Umevuka Nyasa kwa kuogelea. Umelala kitanda kimoja na chatu. Wewe ndiye meneja wa malori yote ya Clairwood. Sawa. Naomba kitu kimoja tu kati ya hivyo ulivyosema kiwe kweli. Kimoja! Nikione kwa macho yangu. Siku ya kuzindua ukumbi nitakupa jibu.

Nikamwambia achague. Akasema nichague mwenyewe, mimi ndiye nayajua maghala yangu ya hadithi.

Kuogelea Nyasa, mbali. Chatu, amekufa. Malori, mimi nafungua geti na kuandika namba. Nikachagua picha.

Uzinduzi ni Jumapili ya tarehe 18. Wiki mbili. Nimejipanga vizuri sana. Kilichobaki ni kamera.

Jumanne, 6 Mei

Nimekwenda Westville kwa Lulu, mtoto wa dada yangu, anasoma chuo pale. Ana kamera ya kweli, lenzi kama kikombe cha uji. Nikamwambia nimekuja kuikagua. Akasema, "Mjomba, umekuja kuiazima." Watoto wa siku hizi hawana staha, wanasema kitu kilivyo.

Akanipa, lakini akanifundisha kwanza. Nikaitikia kila neno kwa "hilo nalijua". Usiweke mstari wa maji na anga katikati ya picha. Hilo nalijua. Gawa picha mafungu matatu. Nalijua. Weka kitu mbele, jicho lipate pa kuanzia safari. Mstari uwe sawa, maji yasimwagike. Nenda alfajiri, maana jua la mchana linaua picha. Nalijua, nalijua.

Sikujua hata moja. Nimeyaandika nyuma ya boksi la viatu kabla hayajavuja. Lile la mafungu matatu ndilo linanisumbua. Hesabu za mafungu zilifundishwa wiki niliyokuwa na matubwitubwi, na nilipopona shule nayo ikawa imenichosha.

Lulu akauliza kama haya yote ni kwa ajili ya yule mama wa alto. Nikasema ni kwa ajili ya Bwana. Alicheka mpaka akakaa chini.

Alhamisi, 8 Mei

Mazoezi. Mvua ya juzi imeacha dimbwi katikati ya yadi yetu ya malori. Nikasema, hili hapa ziwa langu dogo! Muda wa chai nikachukua kamera. Boksi la viatu linasema picha ya maji inapendeza ukishuka chini, karibu na maji, ndipo kivuli cha vitu kinaonekana ndani yake. Nikashuka. Nikashuka zaidi. Nikalala kifudifudi, shavu kwenye lami, jicho moja nimefumba, pumzi nimebana ili mkono usitikisike.

Msimamizi akatokea nyuma ya lori. Alichoona ni mzee wa geti amelala kwenye maji, hapumui. Eish! Alipiga yowe. Innocent, dereva wa pikapu, rafiki yangu, mtu wa Tukuyu, akaja mbio na ndoo ya maji akanimwagia yote. Nikiwa tayari nimelala kwenye maji! Nikasema nipo mzima, natafuta pembe ya chini. Msimamizi akasema ndivyo wanavyoanzaga, wanasema maneno yasiyoeleweka. Wakanilaza kwenye makochi ya ofisi, miguu juu, saa nzima. Mama wa chai akanipa sukari kwenye kijiko kama mtoto.

Picha ilitoka vizuri. Mafuta ya dizeli yametengeneza upinde wa mvua. Nikamwonyesha Innocent, nikamwambia hili ni ziwa, lione. Akaitazama sana. Akasema anaona tairi.

Jumamosi, 10 Mei

Safari ya kwanza, bwawa la Inanda. Najua bwawa si ziwa. Lakini ziwa letu liko siku nne kwa basi. Maji ni maji.

Tulikubaliana Innocent aje saa kumi na moja alfajiri. Alikuja saa nne. Alisema alilala. Kila robot, ndivyo wanavyoita taa za barabarani huku, kutoka hapa mpaka kule juu ilituwakia nyekundu, mpaka Innocent akaanza kuzisalimia. Tumefika jua liko utosini.

Na nani yuko pale, anafungasha vitu? Honoré! Alikuwepo tangu giza. Ana stendi ya miguu mitatu. Ana chupa ya chai. Ana kiti cha kukunja. Na kwenye lenzi amevisha kioo cheusi cha kuondoa mng'aro wa maji. Akanisalimu kwa heshima zote. "Tonton Ambo, umeamuka salama?" (Tonton kwao ni mjomba.) Umeamuka! Saa sita mchana! Kisha akakunjua kiti chake tena, akaketi. Kunitazama.

Nikafanya kazi mbele ya adui. Mafungu matatu: nikapiga anga. Nikapiga maji. Nikapiga nchi kavu. Picha tatu safi, kila fungu peke yake. Honoré akauliza kwa upole kama nitazishona na sindano.

Kitu cha mbele: hapakuwa na kitu, nikaweka ndoo nyekundu ya Innocent. Nikaona haitoshi. Nikamweka na Innocent. Shida ni kwamba Innocent akiona kamera anashika kiuno na kutoa kifua kama diwani.

Mng'aro wa maji: nikavua miwani yangu ya jua nikaishika mbele ya lenzi. Nimepata picha kumi na moja za jicho langu mwenyewe.

Mstari uwe sawa: nilisimama kwenye mteremko, mguu mmoja juu, mmoja chini. Nikaona mstari umenyooka kabisa. Kumbe mimi ndiye niliyepinda! Honoré alichungulia kwenye kioo cha kamera, akainamisha kichwa upande, akainamisha na mwili. "Tonton, sasa ile maji yote iko inaenda wapi?"

Tukarudi. Innocent akauliza kama ndoo imetoka vizuri.

Jumapili, 11 Mei

Mama Ghislaine alitaka kuona tulichonacho. Honoré akatangulia. Maji ya zambarau! Mlima nyuma, wenye theluji! Bata weupe saba wamepangwa kama kwaya. Kina mama wakasema aaa. Hata Inanda yenyewe ikiona picha ile itauliza ni wapi.

Zamu yangu. Mama Ghislaine akaigeuza kamera hivi, akaigeuza vile. Akauliza, Papa Ambokile, na huyu monsieur wa ndoo, ni Yohana Mbatizaji? Ukumbi ukaanguka kwa kicheko. Innocent alikuwa amekaa safu ya tatu. Alipunga mkono.

Benedicta hakucheka. Alitazama zote mbili. Akamuuliza Honoré wale bata wametoka wapi. Honoré akasema, ma soeur, bale bata iko ndani ya simu, unagusa tu. Benedicta akasema, "Mh." Akanigeukia mimi. Ile ndoo, kaka, ilikuwepo? Nikasema ilikuwepo. "Basi afadhali ndoo."

Afadhali ndoo. Nimelifikiria neno hili tangu mchana. Nimelila na wali, nimelinywa na chai. Ni sifa? Ni tusi? Mwanamke anaweza kuolewa kwa sababu ya ndoo?

Kamati imeamua: Alhamisi jioni kila mtu alete picha moja, ichaguliwe, Ijumaa ikachapishwe. Mama Ghislaine amepiga marufuku kuongeza bata. Na Benedicta amesema Alhamisi ndiyo siku yake ya kupumzika, hivyo atakuja bwawani mwenyewe. Alisema kukiona kwa macho ni kukiona kwa macho.

Nimefurahi. Nimeogopa.

Jumanne, 13 Mei

Leo ujasusi. Nimekwenda dukani kwa Honoré na simu mbovu, kama mteja, nimchokonoe siri zake.

Sikuchokonoa. Alitoa zote mwenyewe, huku anafungua simu yangu kwa bisibisi. Tonton, maji haipigwe mbio. Maji inangojewaka. Fika kukiwa giza. Kaa karibu na ule mti mkavu wenye iko ndani ya maji. Jua ikuje kwa bega yako ya kushoto, si usoni. Kamera chini. Na usiongeze kitu, Tonton, weye unapenda kuongeza! Punguza. Kisha akaingia nyuma ya pazia, akatoka na ile stendi yake ya miguu mitatu, akaniazima.

Sielewi. Kwa nini? Anataka picha yake ishinde, sasa kwa nini anipe miguu? Nikamuuliza. Akasema kwao Uvira mtu hashindani na mtu amefungwa mkono, haina utamu.

Huyo ana lake. Adui akikupa kiti, kagua miguu ya kiti. Nimeamua: nitafanya kinyume cha kila alichosema. Nitakaa upande wa pili, mbali na mti, jua usoni, kamera juu. Stendi nimechukua.

Simu imepona. Ilikuwa kweli mbovu.

Alhamisi, 15 Mei

Siku ya ajabu. Hakuna kilichotokea.

Safari hii Innocent hakuchelewa, maana nililala nyumbani kwake na kumwamsha kwa kijiko na sufuria. Tukampitia Benedicta Morningside. Alivaa sweta mbili na kitenge juu, amebeba chupa ya chai na mihogo ya kuchemsha kwenye kitambaa. Tumefika Inanda bado giza. Innocent akavuta kofia machoni akalala garini.

Nikamwongoza Benedicta kuelekea upande wa pili, kinyume cha Honoré. Njiani akaona jiwe pana, kavu, akaketi. Nikasema bado, twende kule. Akasema, "Mimi nimefika." Nikaangalia mbele. Mti mkavu ndani ya maji. Pale pale! Nikabembeleza. Akamimina chai. Mtu wa alto akiketi ameketi.

Nikasimamisha stendi kwenye tope. Mguu mmoja ukazama. Nikauvuta, ukazama mwingine. Mwisho stendi yote ikainama kama twiga anayekunywa. Benedicta akavua kitenge, akakikunja mara nne, akakiweka juu ya jiwe dogo pale kwenye ukingo, akasema weka kamera hapo. Ikakaa. Chini kabisa. Sawasawa kabisa.

Nikaanza kumweleza habari za chatu, muda upite. Akasema, "Nyamaza kidogo, kaka."

Nikanyamaza. Kunyamaza kunauma. Kunaanzia kwenye taya, kunashuka kifuani. Ukungu ulikuwa umelala juu ya maji kama watu waliojifunika blanketi moja. Ndege sijui gani akalia mara mbili akaacha. Tukala muhogo. Sikuona kitu cha kupiga. Nikataka kwenda kutafuta kitu cha kuweka mbele. Benedicta akasema, wewe kaa.

Ukungu ukaanza kuinuka. Si wote. Ulifunguka chini, kama pazia linalonyanyuliwa na mtu anayechungulia. Mwanga ukaja kutoka kushoto. Mti mkavu ukawa miti miwili, mmoja juu, mmoja ndani ya maji. Ng'ombe mmoja, mwekundu, akashuka upande wa pili peke yake, akanywa. Maji yakatoka mdomoni mwake duara moja, la pili, la tatu, yakaja pole pole mpaka kwetu.

Nikabonyeza. Mara moja. Kamera ikafanya klik, ikazima. Betri imekufa! Nilisahau kuichaji, nilikuwa najiandaa.

Ng'ombe akaondoka. Ukungu ukaisha. Likabaki bwawa.

Garini tukachomeka betri ya akiba ya Lulu, ilikuwepo kwenye mkoba siku zote. Benedicta akaitazama picha. Alitazama mpaka Innocent akaamka. Kisha akasema, "Hiki ni kweli." Akakifuta kioo kwa ncha ya sweta. "Ndivyo ilivyokuwa." Tukamrudisha Morningside. Wakati anashuka akasema ahsante, kaka Ambokile. Hakuna mwanamke aliyewahi kunishukuru kwa kunyamaza. Wapo waliowahi kuniomba.

Jioni, kamati. Honoré alileta picha ya bwawa jioni, nzuri, haina bata. Akaiona yangu. Akavua miwani. Akairudisha mwenyewe picha yake mfukoni kabla Mama Ghislaine hajaamua. "Bravo, Tonton. Ulingoja."

Nimempigia Lulu. Akasema mstari uko theluthi ya juu, mti uko theluthi ya kulia, ng'ombe kushoto anausawazisha, Mjomba umewezaje? Nikamwambia nilipanga.

Lakini nakuandikia wewe, daftari: sijui nilifanya nini. Nilikaa. Nikabonyeza. Naweza kweli kuoa kwa hilo?

Jumamosi, 17 Mei

Picha imetundikwa. Ukuta mzima! Alama za matairi hazipo tena. Ukisimama mlangoni unasikia baridi ya asubuhi. Fundi wa vipaza sauti aliingia akashusha sauti yake mwenyewe.

Benedicta alikuja na kwaya kufanya mazoezi. Alisimama mbele ya picha, akanyoosha mkono akagusa pale alipo ng'ombe. Kisha akanitazama. Kutazama huko nakujua. Hakuna "Mh" ndani yake.

Halafu Mama Ghislaine akaharibu siku. Akasema kesho mwenye picha atatoa ushuhuda. Dakika kumi.

Dakika kumi! Mimi nina sekunde nne. Nilikaa, nikabonyeza, amina. Na ushuhuda kanisani kwetu daftari unaujua: mtu alikatiwa tamaa na madaktari watatu, mtu alipotea msituni siku tisa akilishwa na kunguru. Hakuna aliyewahi kusimama pale mbele akasema alikunywa chai.

Benedicta ameniona natokwa jasho. Akasema, "Sema ulivyofanya tu, kaka. Hata kama ni maneno matatu. Mimi yananitosha." Nikamwapia. Kwa mkono juu. Ule wa kulia.

Jumapili, 18 Mei

Naandika kwa mpangilio ili nielewe.

Ukumbi ulijaa mpaka nje. Wageni kutoka makanisa mengine. Lulu alikuja na gauni. Honoré aliitwa kwanza, kwa sababu ndiye aliyetoa vipaza sauti. Alisimulia gari lililopinduka mara nne kwenye barabara ya Johannesburg, naye akatoka dirishani na skafu haijakunjika. Watu wakasimama. Vigelegele. Mama mmoja alikimbia kuzunguka ukumbi.

Nikaitwa.

Nikasema, "Bwana asifiwe. Nilikwenda Inanda. Nilikaa." Kimya. Mtoto akakohoa. Nikasema, "Nikabonyeza." Mtu mmoja nyuma akasema amina, ile ya msibani. Mchungaji Sébastien akanipa ishara ya mkono: endelea, bado una dakika tisa.

Nikamtazama Benedicta kwenye kwaya. Alikuwa anatabasamu! Alikuwa anatikisa kichwa kwamba inatosha. Nilimwona. Naapa nilimwona.

Mdomo ukafunguka. Nikasikia unasema: "Ndipo maji yakatikisika."

Kimya kikabadilika. Kilikuwa kimya cha kuchoka, kikawa kimya cha kusikiliza. Ndugu zangu, kuna tofauti! Nikasema, kikatoka kichwa. Nikasema, kiboko. Mama mmoja akasema Yesu wangu. Basi sikuweza tena. Nikasema ana meno kama miguu ya meza. Nikasema alinijia, nami mkono huu wa kushoto nikamshika taya la juu, mkono huu wa kulia nikashikilia kamera ISITIKISIKE, maana nilikumbuka nyumba ya Bwana inahitaji picha! Ukumbi wote juu! Vigelegele vya Honoré havikufika nusu! Nikasema yale maduara mnayoyaona kwenye maji, mnadhani ni nini? Ni yeye, anazama kwa aibu!

Mchungaji akawa analia. Akasema, shahidi yupo? Mkono wangu wa kulia ukanyooka wenyewe kumwelekea Benedicta. Nikasema dada yetu alikuwepo, aliona yote.

Wakampelekea kipaza sauti. Nikamfanyia jicho. Alikishika kwa mikono miwili. Akatazama picha. Akasema kwa ile sauti ya alto, taratibu, "Bwana asifiwe. Nilikuwepo. Alikuja ng'ombe mmoja. Alikunywa maji, akaenda zake. Tulikuwa tunakula muhogo." Akakirudisha.

Kicheko hicho sitakieleza. Honoré alichekea kwenye skafu. Lulu alijificha chini ya kiti cha mbele. Mchungaji akaomba wimbo haraka.

Nje nilimfuata mpaka kwenye taxi. Nikamwambia leo ndiyo siku ya jibu. Hakuwa amekasirika, hilo ndilo linanichanganya. Macho yalikuwa na maji. Akasema, kaka Ambokile, ulikuwa nacho. Kitu kimoja cha kweli, kizuri, kimefunika ukuta mzima, kila mtu anakiona. Ukapanda juu yake ukamwita kiboko. Akasema jibu ni hapana. Akasema, "Na ningesema ndiyo. Nilishaamua kwenye lile jiwe." Akaingia taxi, akafunga mlango polepole. Afadhali angebamiza.

Jumatatu, 19 Mei

Sikulala. Nimefikiria kila upande.

Lulu amekuja kuchukua kamera. Nikamuuliza nilikosea wapi, picha si ya kweli? Ni ya kweli. Si niliipiga mimi? Niliipiga mimi. Basi! Lulu akalaza kichwa mezani. Akasema, Mjomba, hukutakiwa kuongeza hata herufi. Nikamwambia lakini walisimama wote. Akaondoka bila kunywa soda.

Innocent yeye anasema kosa ni kumchagua kiboko, Inanda hayupo, ningesema mamba watu wangekubali. Kuna hekima. Lakini haigusi moyo.

Honoré alipita getini asubuhi, hakucheka. Alinishika bega akasema, "Tonton, mutafute. Mwambie tu: nisamehe, nilisema uongo. Maneno tatu. Bamama banasameheaka." Nikaona safari hii hana lake. Safari hii ni ushauri wa mtu mzima kwa mtu mzima, na nimeamua kuufuata. Hakuna tena kinyume. Mtu akikosea akiri, awe mwanaume, aandike barua kwa mkono wake.

Nimenunua karatasi nzuri. Nimeandika mara tatu nikachana, maana kukiri kunataka mpangilio. Hii ya nne imekubali. Nitampa kesho Morningside, kwenye geti la yule bibi, nikiwa nimevaa suti. Inaanza hivi:

"Mpendwa Benedicta. Nimekaa nimejitafakari, naona haki ni yako. Jana nilisema uongo mbele za watu, na sina budi kuutengeneza. Kiboko hakuwa mmoja. Walikuwa wawili."